Eda ya Bibi Ndani ya Gari

Ukifungua mlango wa gari-nyumba la zamani lililofungwa miezi mingi, harufu hukufikia kabla hujapanda kidato cha kwanza: plaiwudi iliyopata unyevu, gesi ya kupikia, sponji ya viti iliyokaliwa na watu wengi. Wateja wangu vijana hukunja pua. Mimi huona haya. Uso unanipanda moto na hakuna aliyenisema neno, hunibidi nijifanye natafuta swichi ya taa.

Kazi yangu siku hizi ni kuwapendezesha vijana magari hayo. Mimi na wenzangu wachache tunayatafuta kwenye nyua za watu yalikotelekezwa, tunayafufua, na msimu wa baridi tunayapanga kwenye uwanja nje ya mji wa Nizwa, huku Omani, siku za Ijumaa, watu waje kuyaona. Nachukua video kwa simu, nafungua makabati, nakunja na kukunjua vitanda, nataja tangi la maji na umri wa matairi. Nasifiwa kwa ufundi wa kueleza, na mara nyingi naulizwa nilijifunza wapi. Husema nimejifunza mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilijifunzia Ibra, nikiwa mtoto wa shule, kwa mwanamke aliyekuwa amekaa eda.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mwalimu. Alipostaafu alifanya jambo ambalo ukoo mzima ulilizungumza kwa sauti ya chini: alinunua gari-nyumba kutoka kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Hata wakati huo lilikuwa zee. Rangi yake nyeupe ilishageuka ya krimu, na milango ya makabati ilikuwa inafunguka yenyewe likipita kwenye tuta. Watu waliliita karavani. Babu aliliita nyumba, na yeye na Bibi wakahamia humo, wakaishi humo kwelikweli, na sufuria zao na msahafu wao na mtungi wa gesi. Baridi ikiingia walikwenda Sur, pwani, na siku nyingine wakafika hadi Qalhat, wakalala karibu na wavuvi. Msimu wa tende ulipofika walirudi Ibra, wakaegesha uani kwetu, upande wa chini, kando ya ukuta wa shamba la mitende.

Ijumaa nyingine walinichukua mpaka Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi. Babu hakwenda kununua mbuzi. Aliegesha mahali watu wanapopita, akafungua mlango, Bibi akapika kahawa, kisha Babu akawaita vijana: "Karibuni nyumbani!" Alitaka na wao wanunue magari kama lile. Alikuwa na hoja yake, na kila aliyeonja tende zake aliisikia. Wazee wao, aliwaambia, walikuwa wakihama kila kiangazi kufuata tende, na nyumba zao juu ya ngamia; sasa wajukuu wamejijengea saruji na hawasogei. "Nyinyi mmeota mizizi kabla ya kuota ndevu," aliwaambia. Vijana walicheka, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyenunua.

Baba yangu hakucheka. Alikuwa mtu wa ofisi, amejenga nyumba kubwa ya ghorofa na majlisi ya wageni yenye mazulia, na kila akitoka msikitini kulikuwa na mtu wa kumuuliza kwa upole kwa nini wazee wake wanalala garini, na nyumba yote ile ipo. Alirudi nyumbani kakunja uso. Mimi nikaambukizwa ile aibu kutoka kwake kama mafua. Basi la shule lilipopita ukutani kwetu na rafiki yangu Shamsa akaniuliza kama bibi yangu hana nyumba, niliinama nikafunga kamba ya kiatu mpaka akazungumza mambo mengine.

Babu alifia Ibra, mwishoni mwa msimu wa tende, humohumo garini, baada ya kulala kidogo mchana. Wanaume waliporudi kutoka kuzika, Baba alikwenda mlangoni kwa Bibi.

"Mama, ingia ndani. Chumba kiko tayari, kiyoyozi kimewashwa. Watu wanakuja kuhani."

"Mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe," Bibi alisema. "Nyumbani kwa mume wangu ni hapa."

"Hili gari, Mama."

"La, Nassor. Gari ni lile lako la kwendea kazini. Hii nyumba."

Baba akampigia simu shekhe mmoja wa mjini, na nadhani alitegemea kusaidiwa. Shekhe alimuuliza mama yake alikuwa anapika wapi. Akamuuliza alikuwa analala wapi na marehemu. Baba alijibu kila swali kwa sauti inayozidi kushuka, kisha akasema, "Tayyib, shekhe, tayyib," akaiweka simu mfukoni, akaenda kutafuta shuka za kuziba madirisha ya gari.

Mama alinieleza eda ni nini. Bibi yako hatatoka nyumbani mpaka muda wake uishe, alisema. Atavaa nyeupe tu, hatajitia manukato, na wanaume wa kando hawatamuona isipokuwa kwa dharura. Mimi nikayaunganisha mambo kwa akili yangu. Kama nyumba ni gari, na mwenye eda hasogei, basi gari nalo liko eda. Likisogea hata kidogo eda imevunjika, na Babu huko aliko atapata tabu. Basi kila nikirudi shule nililizunguka kwanza, nikatazama matairi kama yako pale pale.

Zamani mle ndani mlinukia udi. Bibi alifukiza asubuhi na jioni, kwenye nguo, kwenye mapazia, hata chini ya usukani. Eda iliuondoa udi, ikabaki plaiwudi na gesi na sponji. Ndiyo harufu ninayoikuta mpaka leo kwenye magari ya watu.

Siku za mwanzo msiba ulikuwa kama misiba mingine. Wanawake waliketi kwenye mikeka uani, wakaingia kwa zamu, wakalia na Bibi, wakatoka. Mikeka ilipokunjwa wakawa wanakuja mmojammoja, wale waliokuwa safarini au waliochelewa kupata habari, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bibi alipokea pole, akafuta macho, akamimina kahawa. Kisha akasema, "Hebu inuka kidogo, mwanangu," na mgeni alipoinuka, akauvuta mguu wa meza, meza ikalala, viti vikageuka kitanda.

"Hapa wanalala wawili," alisema. "Wakigombana, mmoja anapanda kule juu. Tangi la maji hili. Choo hiki, kifungue tu, usione haya, hakina mtu."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikitamani ardhi ipasuke. Watu wamekuja kuhani, wanaonyeshwa choo! Na hakumwonyesha kila mtu. Wanawake wazima aliwaacha wakalia wakaenda. Lakini akiingia msichana wa chuo au mke mpya, alimshika mkono hamwachi. Mumeo anapenda kutembea? Mnaishi kwa wakwe? Na nyinyi wawili mkitaka kuzungumza yenu, mnazungumzia wapi? Wasichana waliziba midomo kwa shela zao, wakacheka. Mwanamke mmoja alimwambia Mama wakiagana getini, "Maskini, msiba umemrusha akili." Mama alirudi jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baba alikuwa ameshaamua. Alikuja mlangoni jioni moja akamwambia eda ikimalizika lile gari linaondoka, ameshazungumza na watu wa chuma chakavu.

"Basi waanze na mimi," Bibi alisema kutoka ndani. "Mimi ndiye chuma chakavu."

"Mama, aib. Watu wanatusema."

"Nipe mpaka siku ya mwisho ya eda. Nikipata kijana wa kulichukua, atalichukua linatembea. Nikikosa, wape hao watu wako."

Baba alikubali, kwa sababu hakuamini kwamba atapatikana mtu. Mimi pia sikuamini. Na rohoni nilimkasirikia Bibi, maana nilidhani anataka kukiondoa kila kitu cha Babu. Nilimuuliza kwa nini gari la Babu anamuuzia kila anayeingia. Alisema Babu alimwachia kazi naye anaimaliza. Mkono wake ulikuwa ukipitapita kwenye ukingo wa meza, taratibu, kama kawaida yake. Kila alipotaka kuonyesha kitu, mkono ulitangulia kukitafuta. Nilidhani anajishaua.

Kisha wakaja kina Shamsa. Mama yao alikuwa safarini kwa matibabu, ndiyo maana walichelewa, naye aliwaleta Shamsa na dada yake Raya aliyeolewa karibuni. Bibi aliposikia sauti ya mke mpya alijiweka sawa kwenye kiti. Pole zikapokelewa, kahawa ikanywewa, meza ikalala. Halafu akanigeukia mimi.

"Panda kule juu, waonyeshe mtoto anavyoenea."

"Bibi..."

"Panda, habibti."

Nilipanda. Nilijilaza pale juu na sare zangu za shule, viatu mkononi, pua yangu karibu na dari, na Shamsa amesimama chini ananitazama. Raya alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha kejeli. Aliuliza kama kuna baridi usiku, na mafuta yanakwendaje. Mama yake akamvuta shela. Kesho yake kwenye basi Shamsa aliwasimulia wenzetu, akalala kwenye siti akaniigiza. Mpaka leo nikipanda kwenye kitanda cha juu ili mteja apige picha, nalisikia basi zima linacheka.

Mvua ilinyesha milimani Ijumaa moja tangu alfajiri. Kwetu kulikuwa na jua kali, na wanaume walikwenda msikitini kama kawaida. Nilikuwa garini nimempelekea Bibi chakula tuliposikia Mama anapiga kelele kutoka juu ya paa: "Wadi imekuja! Mama, tokeni humo! Tokeni mpande juu!"

Maji ya wadi, ule mto mkavu unaojaa ghafla mvua ikinyesha milimani, hayaji kwa hodi. Nilipochungulia mlangoni yalikuwa bado membamba, ya rangi ya udongo, yanapita chini ya matairi, lakini nyuma ya ukuta wa shamba kulikuwa na mngurumo. Tungeweza kutoka. Hatua chache tu na ngazi za nyumba zilikuwa pale. Bibi alishika mlango, akasikiliza.

"Kafungue geti," aliniambia. "Kisha urudi mbio."

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Babu. Mtu asiyewahi kuonekana ameshika usukani alikuwa anatafuta ufunguo kwa vidole chini ya zulia, akaupata, na gari likakohoa.

"Bibi, eda! Likisogea eda inavunjika!"

"Nani kakwambia? Kaa kwenye kiti changu. Skiza vizuri. Mbele naona. Pembeni sioni. Kulia utakuwa wewe, kushoto n'tatoa kichwa."

"Kwa nini huoni?"

"Ukuta uko wapi?"

Ukuta wa uani ulikuwa mrefu, mweupe, umejaa kwenye kioo changu, na yeye anaulizia uko wapi. Nikamwambia uko hapa, kulia, karibu. Akazungusha usukani. Nikamwambia kidogo tena. Sasa nyoosha. Tukatoka getini, maji yanafoka nyuma yetu, milango ya makabati inafunguka na kujibamiza, na kahawa ya Bibi inamwagika sakafuni.

Njia ya kwendea juu ilikuwa moja tu, na ilipita mbele ya msikiti wa Ijumaa. Tulifika wanaume wanatoka. Walijaa barabarani, wengine bado wanatafuta viatu. Na Bibi yangu, mjane aliye eda, kichwa na shela yake nyeupe viko nje ya dirisha, anapiga honi na kupaza sauti: "Tupisheni, jamani! Njia! Allah awahifadhi, tupisheni!"

Nilitaka kuteleza chini ya kiti. Nilitaka kuvuta pazia. Nisingeweza, kwa sababu upande ule mimi ndiye niliyekuwa macho, na ukuta wa msikiti ulikuwa kulia. Ilibidi nigandishe uso kwenye kioo, nitazame, na nikitazama naonekana. Nilimwona baba yake Shamsa. Niliwaona walimu. Wanaume wengine waliinamisha macho kama adabu inavyotaka, wengine walisahau. Nilimwona Baba yangu na kanzu yake iliyopigwa pasi, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. "Kulia kuna ukuta," nilisema, nalia. "Sogea kushoto. Sasa nyoosha." Watoto walitukimbilia nyuma wakipiga makofi mpaka kilimani.

Baba alifika anahema. Umati ulikuwa nyuma yake.

"Mama! Uko eda! Umetoka nyumbani mchana kweupe, mbele ya watu!"

Bibi alikuwa ameshavuta pazia la upande wake. Sauti yake ilitoka ndani, imetulia.

"Mimi sijatoka nyumbani, Nassor. Nyumba ndiyo iliyotoka. Mimi nimo ndani tu."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, kisha mzee mmoja akasema wallahi mama kasema kweli. Baba alisimama katikati ya kicheko kile na kiatu chake mkononi. Sijawahi kumwona mtu mzima ameona haya namna ile, na nilijua uso wangu uko vilevile. Kisha mtoto wa jirani akaja mbio kusema ukuta wa shamba umeanguka na uani kwetu, upande wa chini, hakuna kitu, maji yamechukua hata mizinga ya nyuki. Mama na mdogo wangu walikuwa salama juu. Baba alivaa kiatu. "Nifungie na pazia la huku," aliniambia taratibu, akaenda.

Tulipobaki wawili Bibi alinieleza. Ilikuwa presha ya macho. Pembe zilikuwa zinafunga kidogokidogo, akibaki na mbele tu, na hiyo mbele nayo inazidi kuwa nyembamba. Babu alijua. Babu ndiye aliyemfundisha kuendesha zamani, kule mchangani ambako hakuna cha kugonga, na Babu ndiye aliyesema nyumba itafutiwe vijana mapema, wakati Bibi bado anaweza kuwaonyesha mwenyewe.

"Baba yako akijua siioni njia atanitoa leo hii," alisema. "Usimwambie mpaka nimalize eda. N'tamwambia mimi."

Nilimwambia nilidhani amemsahau Babu.

"N'tamsahau vipi," alisema, "na mimi mpaka leo nalala upande wangu tu?"

Sikuwa nimewahi kutazama. Kitanda kile kilikuwa kipana, cha watu wawili, na mto wa upande wa dirisha ulikuwa haujabonyea.

Mji mzima ulikuwa umeona gari lililosemwa ni chuma chakavu linapanda kilima na makabati yake. Babu kwa kahawa zake zote Nizwa hakuwahi kupata tangazo kama lile. Raya alirudi wiki iliyofuata na maswali ya mumewe, akarudi tena na maswali yake mwenyewe. Bibi alimfundisha kila kitu kwa mkono: bomba hili, swichi ile, kitasa kinachokwama. Siku eda ilipokwisha alioga, akavaa rangi ya zambarau, akafukiza udi ndani ya gari mpaka macho yakatuwasha, akampa Raya ufunguo. Baba alikuwa ameliosha gari asubuhi ile, peke yake.

Bibi akahamia kwenye chumba cha kiyoyozi. Miaka ilipokwenda, na ile mbele nayo ikafunga. Kila sikukuu Raya na mumewe na watoto wao walipita kumsalimu, wakamketisha kwenye kiti chake cha upande wa kulia, wakamzungusha mjini. Mimi sikupanda. Shuleni walikuwa wamenipa jina la Kiarabu ambalo maana yake ni utingo wa bibi, na lilinifuata mpaka nikamaliza masomo. Ndiyo maana kwenye video zangu, nikifika kwenye habari za wenye magari wa zamani na kutolea mfano lile la kwetu, nataja mhandisi, nataja mwalimu mstaafu, kisha naruka kwenye tangi la maji.

Mwaka huu Raya alinipigia simu. Watoto wake wamekua, mgongo unamuuma. "Bibi yako alinichagua mimi," alisema. "Sasa tafuta na wewe."

Ijumaa iliyofuata gari la Babu lilikuwa uwanjani Nizwa, na mtu na mkewe wakalipenda. Msichana yule bibi yake alitoka Unguja, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mumewe alipokwenda kutazama injini alininong'oneza, akiniita khalti kama mama yake mdogo. "Khalti, mimi nataka. Lakini mama yangu anasema aib. Bi harusi kulala ndani ya gari. Watu watasema."

Nilikuwa na majibu mengi ya kazi. Niliyaacha. Uso ulinipanda moto, na safari hii sikutafuta swichi.

"Endesha kwanza," nilimwambia.

Nilikaa kwenye kiti cha Bibi, nao usukani ukawa wake. Barabara ya kutoka uwanjani inapita mbele ya msikiti, na watu walikuwa wanatoka. Akapunguza mwendo.

"Tuzunguke nyuma, khalti?"

Mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia. Nikaliachia.

"Pita hapahapa."

Akapita. Watu waligeuka kututazama, nami nikawatazama.

"Kulia kuna ukuta," nilisema.

"Naona, khalti," akasema.